Sheria ya Vicheko katika Nchi ya Uzimani

"Inatangazwa kwa raia wote wa Uzimani, na kwa wageni waliomo nchini kwa kibali, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo mapazia ya hospitali zote za Dola hayatakuwa tena ya rangi ya ndimu, bali yatakuwa ya rangi ya limau. Atakayesikika akiyaita ya ndimu baada ya tarehe hiyo atakumbushwa mara ya kwanza kwa upole, na mara ya pili kwa barua."

Tangazo hili lilisomwa katika ukumbi wa Wizara ya Afueni siku Bi. Kidawa Mshangama alipopokewa rasmi, na lilitangulia hotuba ya kumkaribisha, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa na uzito zaidi. Ukumbi mzima ulisimama. Bi. Kidawa naye alisimama. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini Uzimani mwenyeji alikwisha kupona zamani kwa mujibu wa Katiba, na mgeni hakuachiwa kazi kubwa ila ya kupiga makofi.

Namna alivyofika huko si jambo la kumchosha msomaji. Inatosha kusema kwamba alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, kwamba mingi kati ya hiyo aliitumia kando ya vitanda vya watoto ambao tiba ilikuwa imekwisha kuishiwa la kuwaambia, na kwamba aliletwa na barua. Barua hiyo ilimwomba awafundishe wauguzi kumi na wawili tiba shufaa kwa watoto, yaani namna ya kumtunza mtoto ambaye ugonjwa wake haurudi nyuma: kumpunguzia maumivu, kumsikiliza, na kuwashika mkono wazazi wake. Kiambatisho cha barua kilimwomba afanye hayo yote bila kutaja maumivu, kifo, wala watoto.

Siku mbili za kwanza alifundisha kunawa mikono. Siku ya tatu aliomba kupelekwa wodini.

Wodi ya Saba ilikuwa na vitanda arobaini, na katika kila kitanda palikuwa na mtoto, na hapakuwa na sauti. Bi. Kidawa alisimama mlangoni kwa muda. Wodi za watoto alizijua. Alijua kwamba hata zile zenye wagonjwa mahututi huwa na kelele zake: mmoja analilia uji, mwingine anamchokoza jirani, wa tatu anaendesha kopo sakafuni na kulitengenezea honi kwa mdomo. Hapa palikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Ukutani palikuwa na rafu ndefu ya vitu vya kuchezea, vimepangwa kwa urefu, vinang'aa.

"Hivi vimeletwa lini?" alimuuliza Nesi Hadia, aliyekuwa mwanafunzi wake makini kuliko wote na mwenyeji wa wodi ile.

"Vina miaka tisa, Mwalimu."

"Mbona havina hata mkwaruzo?"

Nesi Hadia alitazama mlango, kisha akatazama saa. "Ngoja mama zao waingie," alisema. "Utaelewa."

Mama zao waliingia saa nane kamili. Kila mmoja alikwenda kwenye kitanda chake, akaketi, akanuna. Hawakununa kama watu waliokasirika, bali kama watu wanaofanya kazi ya ufundi: midomo imebanwa, nyusi zimeshuka, macho yamekazwa kwenye shuka. Mtoto mmoja alimgusa mama yake kidole. Mama akaushika mkono ule, akaubana kwa nguvu, na uso wake ukazidi kuwa mgumu.

"Yule wa kitanda cha tisa," Nesi Hadia alinong'ona, "ndiye ampendaye mwanawe kuliko wote humu. Hajatabasamu tangu mvua za vuli."

Ndipo Bi. Kidawa alipoelezwa Sheria ya Vicheko, ambayo katika kiambatisho haikutajwa, pengine kwa sababu wenyeji waliidhani ni kanuni ya maumbile. Sheria hiyo ilikuwa fupi. Mtoto achekaye au achezaye hana maumivu. Na asiye na maumivu hapewi dawa ya maumivu hadi jua la siku inayofuata litakapochomoza. Ilitungwa na waziri mmoja wa zamani ambaye, alipozuru wodi, alimkuta mtoto aliyeandikiwa mofini akicheka na paka dirishani. Waziri alirudi ofisini akiwa ameudhika kama mtu aliyetapeliwa. Tangu hapo, watoto wa Uzimani walijifunza jambo ambalo hakuna shule iliyowafundisha: kwamba nafuu ya usiku hununuliwa kwa huzuni ya mchana. Na mama zao, kwa mapenzi, waliwasaidia kuinunua.

Utekelezaji ulikuwa mikononi mwa Bwana Shomvi, Mkaguzi wa Vicheko. Huyu alivaa viatu vya mpira visivyotoa sauti, na alibeba daftari jeusi lenye safu mbili, moja ya walioumwa na nyingine ya waliocheka. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa haki, jambo ambalo kwa mgonjwa huweza kuwa baya zaidi.

"Bwana Shomvi," Bi. Kidawa alimwendea siku ileile, "mtoto hucheza na maumivu yake yakiwa palepale. Huyaweka kando kidogo, kama mtu anavyotua mzigo njiani akapumua. Mzigo haujaondoka."

"Mzigo uliotuliwa haubebwi, mama."

"Ataubeba tena."

"Basi akiubeba atapewa dawa. Kesho, jua likishatoka." Bwana Shomvi alifuta kalamu yake kwa kitambaa. "Na tuseme tunampa kila saa unayotaka wewe. Wakizoea je? Nani atabeba lawama?"

"Wazoee kwa muda gani, bwana? Yule wa kitanda cha tisa ana wiki tatu. Nne, tukijaliwa."

Bwana Shomvi aliandika kwamba mgeni ametaja muda. "Tabia mbaya," alisema bila ubaya wowote, "huota hata kwa siku moja."

Wa kitanda cha tisa aliitwa Zawena. Alikuwa na miaka kumi, na paja lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa uvimbe wa mfupa uliokwisha kukataa kisu na kukataa sindano. Miezi minne wodini ilikuwa imemfanya hodari wa jambo moja: aliweza kusema maneno ya kuchekesha bila msuli hata mmoja wa uso wake kutikisika.

"Shikamoo, Bibi. Kitendawili."

"Marahaba. Tega."

"Ana kalamu si mwalimu, anahesabu meno si daktari."

Bi. Kidawa alifikiri, na jibu lilipomjia ilimbidi ajifunike mdomo kwa ncha ya mtandio, kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa limesimama hatua sita kutoka pale, likiandika.

"Cheka tu, Bibi," Zawena alisema kwa sauti ya mtu anayetoa ruhusa ya kiofisi. "Wewe huumwi."

Walikaa. Bi. Kidawa hakuwa mtu wa kumharakisha mtoto. Zawena alisema, akitazama dari: "Nataka kucheza mdako na Mama. Mara moja tu. Nyumbani hakuna aliyekuwa anamshinda. Alikuwa anakomba vijiwe vyote, halafu anajifanya hajui ilikuwaje."

"Umemwambia?"

"Anasema tutacheza nikishapona."

"Na wewe unaonaje?"

Zawena alilainisha mkunjo wa shuka kwa kiganja, mara mbili, kwa uangalifu. "Sitapona. Ila usimwambie Mama, Bibi. Hajui. Ataumia."

Bi. Kidawa aliahidi hatasema. Hatua ishirini baadaye, ukumbini, Mama Zawena alimshika mkono.

"Mwalimu, umeongea naye sana. Hujamwambia, sivyo? Mtoto hajui kitu."

Maneno hayo Bi. Kidawa alikwisha kuyasikia katika kila nchi aliyofanya kazi, zenye mapazia ya limau na zisizo na mapazia kabisa. Hajapata kukuta nyumba ambamo aliyekuwa hajui alikuwa kweli hajui. "Sikumwambia lolote," alijibu. "Yeye ndiye aliyeniambia mimi. Anataka ucheze naye mdako."

Uso wa mama yule ulilegea, kisha akaurudisha mahali pake kwa haraka, kama mtu anayevuta kanga iliyoteleza. "Nikimchekesha mchana, usiku mguu ukimla nifanyeje? Nimwimbie? Nimejifunza kununa, Mwalimu. Sikuzaliwa hivi. Kwetu nikicheka walikuwa wananijua hata walio mtaa wa tatu."

Asubuhi ya siku ya nne Bi. Kidawa aliandika ubaoni maneno matatu yaliyokatazwa na kiambatisho, moja chini ya jingine, akaweka chaki chini. Wauguzi kumi na wawili waliyatazama kama watu wanaotazama picha ya ndugu aliyekuwa hatajwi nyumbani. Halafu waliuliza maswali kwa saa nne bila kwenda kunywa chai. Waliuliza mtoto wa miaka mitatu anasemaje kwamba anaumwa. Waliuliza la kumjibu mzazi anayetaka uongo. Mmoja aliuliza iwapo inafaa muuguzi kulia, na akalia kabla ya kujibiwa. Wa mwisho kusimama alikuwa Nesi Hadia.

"Mwalimu, saa ya dawa imefika, na mtoto amecheka mchana. Nimpe au nisimpe?"

"Dawa hutolewa kwa saa, mwanangu, haitolewi kwa uso. Maumivu ya namna hii hayasubiriwi mlangoni, hutanguliwa njiani."

"Na Bwana Shomvi?"

"Huyo hayumo katika darasa langu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Saa tisa alasiri Nesi Hadia alitandika sinia juu ya mapaja ya Zawena, akiliwekea lile baya mto wa kulikinga, na juu ya sinia akamwaga vijiwe kumi na viwili alivyoviosha mwenyewe. Mama Zawena aliinuka kitini kana kwamba amemwagiwa maji ya moto.

"Ondoa hivyo."

"Dawa yake ya saa kumi na mbili ataipata," Nesi Hadia alisema.

"Akicheka?"

"Akicheka."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mama alimtazama muuguzi yule kuanzia kofia hadi viatu, kama anayetaka kumkumbuka baadaye. Kisha aliketi, akachukua kijiwe kimoja, akakirusha.

Alikikosa. Kikagonga sinia, kikaanguka kitandani.

"Mama, umezeeka!"

"Nani? Mimi? Hebu subiri wewe." Alirusha tena, na safari hii mkono wake ulishuka kama wa mwewe, ukakomba vijiwe vitano, ukarudi juu kudaka cha sita kabla hakijafikiria kuanguka.

"Umekomba viwili kwa kiwiko! Nimekuona! Unaiba!"

"Kiwiko si mkono? Nani kasema kiwiko si mkono?"

Zawena alicheka. Kicheko chake kilitoka kikikwaruza, kama bawaba za mlango uliofungwa miezi minne, kisha kikafunguka chote. Mama akacheka, na ilidhihirika kwamba mtaa wa tatu haukusingiziwa. Mtoto wa kitanda cha saba, ambaye hakuona kilichotokea, alicheka kwa sababu wengine wanacheka, na wa kumi na nne akamcheka wa saba, na kutoka kule mwisho mwa wodi mtu fulani aliomba apewe lile gari jekundu la rafuni. Bwana Shomvi alisimama mlangoni na viatu vyake visivyo na sauti, akaandika hadi ukurasa ukajaa.

Saa kumi na mbili kamili Nesi Hadia alimpa Zawena dawa yake, akaweka sahihi yake penye jina la mtoaji, kwa herufi zinazosomeka.

Ijumaa alasiri Baraza la Ushahidi wa Maumivu lilifika wodini lenyewe, kwani sheria ilitaka kicheko kichunguzwe mahali kilipotokea. Wajumbe saba, wote wazee, walikalishwa kwenye viti vya watoto, maana vingine havikuwapo. Mwenyekiti, Mheshimiwa Mwinjaka, alieleza kilichokuwa mbele yao. Kama ingethibitika kwamba kitanda cha tisa kilicheka, Nesi Hadia angevuliwa uuguzi, na Zawena angekaa siku tatu bila mofini ili kufidia ile aliyoinywa isivyo halali. Alieleza hayo kwa masikitiko, kwa sababu naye alikuwa na wajukuu. Kisha aliinama kuelekea kitandani.

"Mjukuu wangu, usiogope. Fikiri vizuri kabla ya kunijibu. Ulicheka kweli, au ilikuwa sauti tu?"

Mama Zawena alifumba macho. Nesi Hadia alitazama mikono yake. Bi. Kidawa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kitanda, alielewa kwamba mzee yule alikuwa amefungua dirisha, na kwamba ilitosha mtoto apite.

"Nilicheka, Babu," Zawena alisema. "Mguu ulikuwa unauma, na nilicheka."

"Yaani uliuma, ukaacha, ndipo ukacheka."

"Hapana. Ulikuwa unauma wakati nacheka. Vyote viwili."

Bwana Shomvi aliinua kalamu. "Mheshimiwa, hakuna safu ya vyote viwili."

"Haiwezekani!" alisema mjumbe mmoja mnene aitwaye Mzee Funzi, akijisogeza kitini kwa taabu na kusugua goti lake.

Zawena alimgeukia kwa heshima zote. "Babu, goti linakuuma?"

"Linaniuma sana, mwanangu. Kiti hiki ni cha nani?"

"Kitendawili," alisema Zawena.

Hata Uzimani, mtu akitegewa kitendawili hawezi kunyamaza. "Tega," walijibu wazee saba kwa pamoja.

"Nina wageni saba, magoti yao yamepanda kuzungumza na masikio."

Walifikiri. Walishauriana. Walishindwa. Zawena alidai apewe mji, kama ilivyo desturi, na Mheshimiwa Mwinjaka, ambaye hakutaka kutoa mji bila idhini ya Baraza la Mawaziri, alimpa kijiji kimoja cha mpakani. Zawena alisema amekwenda huko, amepokewa vizuri, amelala kitanda kipana. Kisha akatoa jibu: "Ni ninyi, hapo mlipokaa."

Mzee Funzi alijitazama. Aliwatazama wenzake sita, magoti yao yakiwa mashavuni. Kitu kilimtikisa tumboni, kikampanda kifuani, na akacheka hadi kiti kikalia.

"Babu," Zawena aliuliza, "goti limeacha?"

Mzee Funzi alifuta machozi, akaligusa goti lake kwa mshangao wa mtu aliyekuta kitu alichokuwa amekikalia. "Halijaacha," alisema polepole. "Lipo."

Bwana Shomvi, akiwa mtu wa haki, alikwisha kumwandika.

Hapo mjadala ulizuka. Mjumbe mmoja alisema ushahidi wa goti la mtu mzima hauwezi kutumika kwa paja la mtoto. Mwingine alisema kicheko cha mjumbe kikiwa kikaoni ni shughuli ya Dola, si furaha. Wa tatu aliuliza kama Mzee Funzi atanyimwa dawa yake ya kuchua hadi kesho, na Mzee Funzi alisema kwa sauti kubwa kwamba jambo hilo lisijadiliwe kwa mzaha. Walibishana kwa Katiba, kwa hadithi za babu zao, na kwa vidole.

Walipokuwa katika hali hiyo, saa ya ukutani iligonga saa kumi na mbili. Nesi Hadia aliinuka kwenye kiti cha mshtakiwa. Alivuta kipimo cha mofini kwenye kibomba kisicho na sindano, akakikagua kwenye mwanga, akaomba radhi kwa wajumbe wawili ambao miguu yao ilimzuia njia, na akaitiririsha dawa taratibu ndani ya shavu la Zawena. Hakuna mjumbe aliyegeuka. Mtoto alimeza, akakunja uso kwa uchungu wa dawa. Mama alimpangusa kidevu kwa pindo la kanga.

"Mama, kesho tena?"

"Kesho tena." Mama alivikusanya vijiwe vilivyokuwa vimebaki chini ya mto, akavifumbata. "Na keshokutwa. Mpaka..."

Zawena aliweka kiganja chake juu ya ngumi ya mama yake.

"Mpaka basi," alimsaidia.

"Mpaka basi," mama alisema. Na wala hakununa, wala hakuyafuta machozi. Bi. Kidawa aliwapa mgongo, akaanza kunyoosha shuka la kitanda cha kumi, ambalo lilikuwa limenyooka.

Saa moja kasorobo Mheshimiwa Mwinjaka alisimama kwa kusaidiwa na watu wawili, akasoma uamuzi:

"Baraza, baada ya kusikiliza pande zote, linatamka kwamba sauti iliyotoka kitanda cha tisa siku ya Alhamisi, pamoja na sauti zilizofuatia wodini na ile iliyotoka leo kwa mjumbe wa Baraza, hazikuwa vicheko bali vikohozi. Kwa hiyo hakuna kosa lililotendeka, na Sheria inabaki kama ilivyo. Wizara inaagizwa kupeleka Wodi ya Saba chupa arobaini za dawa ya kikohozi, moja kwa kila kitanda, na ya arobaini na moja apewe Mzee Funzi."